Book Lovers ya Emily Henry: Mapenzi Yamo, Ila Utamu Uko Kazini

Haya, karibuni tena. Kitabu cha leo ni hiki hapa, Book Lovers cha Emily Henry. Mlioniomba nikizungumzie ni wengi, ila nusu yenu mnataka nikisifie na nusu mnataka nikichane. Tulieni, kila mtu atapata fungu lake.

Kwa ambao hamkijui: kilitoka Mei 2022 kule Marekani, wachapishaji ni Berkley, na mwaka huohuo wasomaji wa Goodreads, ule mtandao wa wapenda vitabu, walikipigia kura kikashinda tuzo ya riwaya bora ya mapenzi. Kwa hiyo tukisema kuna wasiokipenda, tujue tunazungumzia kitabu kilichopendwa kupita kiasi, sio kilichododa. Dukani utakikuta kwenye rafu ya mapenzi. Mimi ningekihamishia pembeni kidogo, kwenye rafu ya vituko vya kazini, na nitawaambia kwa nini.

Mhusika mkuu ni Nora Stephens, wakala wa waandishi New York. Najua mtaniuliza, kwa hiyo nijibu kabisa: wakala wa waandishi anafanya kazi gani? Kule, ukitaka kuchapishwa na kampuni kubwa, kwa kawaida hujipeleki. Unampa wakala muswada wako. Anausoma, anakurudishia uurekebishe, anatafuta mhariri anayeweza kuupenda, anabishana kuhusu malipo ya awali na vipengele vya mkataba, na kwa kawaida anakata asilimia 15 ya unachopata. Usipouza wewe, naye hali. Huku kwetu mtu huyo ni nadra sana. Wengi wetu tunabeba muswada wenyewe hadi kwa mchapishaji, tunaambiwa "tutakupigia", au tunausubirisha hadi tuzo fulani ya uandishi wa Kiswahili itangaze kupokea kazi. Ndiyo maana msomaji wa Dar au Mombasa anaweza kuanza kitabu hiki akadhani Nora ni dalali. Naam, ni dalali, lakini dalali anayebishana na wewe juu ya kila sentensi.

Kazini wanamwita papa, yule samaki mkali, na sio kwa mapenzi. Mdogo wake, Libby, ana mimba, na anamshawishi waondoke mjini wakakae mwezi wa Agosti kwenye kamji kadogo ka North Carolina kanaitwa Sunshine Falls. Msiutafute kwenye ramani, ni mji wa kubuni. Kwenye riwaya hii umepata umaarufu kwa sababu mteja wa Nora, mwandishi anayeitwa Dusty Fielding, aliuandikia kitabu kilichouza sana. Libby ameandika hadi orodha ya mambo ya kufanya huko. Nora anafika, na nani anakutana naye? Charlie Lastra, mhariri yuleyule aliyewahi kukikataa kitabu hicho cha Dusty mbele ya Nora, wakiwa mezani, bila hata kulainisha maneno.

Hadi hapo umeshajua watapendana. Kila mtu anajua. Mwandishi mwenyewe anajua kwamba unajua, na kurasa za mwanzo kabisa Nora anaifanyia mzaha hadithi ile ya mtu wa jiji kubwa anayekwenda shamba, akampenda fundi seremala, akaacha kazi. Nora anasema yeye siku zote ndiye yule mchumba anayeachwa mjini. Wazo zuri sana hilo. Ila mimi sio hilo lililonifanya nisiweke kitabu chini.

Sikilizeni hii. Dusty anatuma muswada mpya. Mhusika wake ni wakala wa waandishi, mwanamke, mkali, baridi kama barafu, jina lake Nadine Winters. Nora anasoma kurasa za mwanzo akiwa na kalamu yake, na taratibu anaanza kujiona mle ndani. Mteja wake kamwandika! Na hawezi kununa, maana ni mteja. Hawezi kusema "huyu ni mimi", maana atamtisha mwandishi mwenye moyo mwepesi na kazi ikwame. Kibaya zaidi, anayekabidhiwa kuuhariri ni Charlie, na wawili hao inabidi wakae pamoja waufanye muswada uwe mtamu zaidi. Ni kama jirani kajifunga kanga yenye maneno ya kukusema wewe, halafu anakugeuzia mgongo akuulize kama herufi zinasomeka vizuri.

Hapo ndipo nilipocheka kwa sauti. Wanajadiliana: huyu Nadine ana moyo au hana? Msomaji atamvumilia? Na wote wawili wanajua wanamzungumzia nani, lakini hakuna anayetaja. Charlie anamtetea Nadine, Nora anataka Nadine aadhibiwe. Ukishika penseli ya mhariri hata mara moja kwenye maisha yako, hata kama ulikuwa unasahihisha jarida la shule, utaijua ile aibu ya kuzungumza habari za mtu halisi ukijifanya unazungumza habari za mhusika.

Tuje kwenye ugomvi wa wasomaji. Lawama kubwa utakayoikuta ni kwamba Nora ni baridi, hapendeki, anawaza kazi tu. Samahani, ila nikisoma hivyo nacheka. Hiyo ndiyo lawama anayopewa ndani ya kitabu, na ndiyo aliyoandika Dusty! Mwanamume akijibu baruapepe za kazi saa nne usiku tunasema anajituma. Lakini pia nisiwadanganye, Emily Henry anamhurumia Nora mapema mno. Mama yao amefariki, Nora amemlea mdogo wake, na ndoto yake ilikuwa uhariri, akaiacha kwa sababu kule kwa mawakala kulikuwa na hela. Yote yana mantiki. Ila mimi ningependa aachiwe ukali wake kwa muda, bila kila ukali kupewa cheti cha msiba.

Kwenye kikundi chetu cha kusoma mambo yalichafuka zaidi. Kaka mmoja, mwalimu wa sekondari, alisema Nora na Charlie ni mtu mmoja mwenye majina mawili: wote wajanja, wote wana jibu la haraka, hakuna anayeshindwa na neno. Ana hoja, hasa katikati ya kitabu. Zile baruapepe wanazotumiana mwanzoni ni tamu kweli, fupi, kila mmoja anajifanya anazungumzia kazi. Baadaye wakikaa pamoja ana kwa ana, ujanja unazidi. Unatamani mmoja anyamaze tu ale chakula.

Dada mwingine, muuguzi, yeye hasira zake zote zilikuwa kwa Libby. Alisema, "Angekuwa mdogo wangu huyo, ningempandisha basi la usiku." Libby anaficha jambo, sitawatobolea, na anamficha mtu aliyemlea. Nusu ya kikundi wakamtetea: mtu mzima ana haki ya kupanga maisha yake bila kuomba ruhusa kwa dada. Hii sehemu ya madada ndiyo wasomaji wengi wanaisifia kuliko hata mapenzi, na hapo nakubaliana nao.

Kuna lawama moja ambayo sijaona ikizungumzwa vya kutosha. Kampuni za uchapishaji humu ndani zinapendeza mno. Watu wanachoka, ndiyo, wanabishana, lakini fedha inaguswa juujuu, kwenye historia ya Nora tu. Mwaka uleule wa 2022, mwezi Novemba, wafanyakazi wapatao 250 wa kampuni kubwa ya uchapishaji ya HarperCollins hapohapo New York waligoma, wakitaka mshahara wa kuanzia upande kutoka dola 45,000 kwa mwaka hadi 50,000. Mgomo ulifika Februari 2023. Kwetu dola hizo ni nyingi, lakini jaribu kupanga chumba New York kwazo. Sasa ukiwa unalijua hilo, kile kipande cha Nora kuukimbia uhariri kwa sababu ya mshahara kinakuwa kizito kuliko mwandishi alivyokibeba. Nilitaka kurasa kumi zaidi hapo. Ningetoa kurasa kumi za vitu vya orodha ya Libby bila majuto.

Mambo ya mnunuzi, haraka haraka. Kitabu kinakaribia kurasa 400 na kinakwenda mbio, kurasa hazichoshi. Kiingereza chake si kigumu, ila utani wake ni wa New York, mwingine utakupita, usijilaumu. Ukipendelea kusikiliza, toleo la sauti limesomwa na Julia Whelan, ni zaidi ya saa 10, na mama huyo anajua kutofautisha dharau na aibu kwa pumzi moja tu. Kwenye foleni ya Ubungo litakufaa sana. Na wazazi mnisikie: kuna kurasa za chumbani, na hazikufunikwa shuka. Usimnunulie binti wa darasa la saba kwa sababu jalada linapendeza.

Kama unatafuta mapenzi ya kukuliza usiku kucha, hiki kitakupa kiasi. Kama umewahi kufanya kazi na mteja unayemheshimu lakini anayekukera, anza nacho leo.

Haya, nawaachia uwanja huko chini: Libby alikuwa na haki ya kumficha dada yake? Mimi nasema hapana, yule muuguzi anasema hapana mara mbili, na mwalimu hadi leo hatusemeshi.