Tathmini ya huduma ya saratani ya titi kwa mjamzito katika kliniki moja ya Dar es Salaam
Mdogo wangu alipogundulika kuwa na saratani ya titi akiwa na mimba ya miezi minne, daktari wa saratani na daktari wa uzazi walikaa naye pamoja, wakamweleza kwamba si lazima mimba itolewe, kwamba upasuaji unawezekana, na kwamba kemotherapi (tiba ya dawa za kuua seli za saratani) yenye dawa ya doksorubisini inaweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo, ilhali tiba ya mionzi na dawa nyingine za saratani ya titi, yaani tamoksifeni na trastuzumabu, husubiri hadi mtoto azaliwe. Maelezo hayo, yaliyotolewa bila haraka, ndiyo ubora mkubwa wa kliniki hii. Kasoro ni foleni ya dirisha la dawa: mjamzito anayesumbuliwa na kichefuchefu hapaswi kabisa kusimama pale asubuhi nzima, nami nauomba uongozi uwatengee wajawazito viti na zamu yao.