Muuguzi wa nyumbani kwa baba aliyepata kiharusi: uzoefu wangu wa miezi saba

Baba alipotoka hospitali tulipewa karatasi ya dawa, tarehe ya kliniki na maneno matatu: "mgeuzeni kila mara." Anageuzwaje, hakuna aliyetuonyesha. Kiharusi kilimpooza upande wote wa kulia na maneno yakamtoka. Ana miaka 74 na mwili mkubwa. Nyumbani, Tandika, tulikuwa mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume anayetoka alfajiri na kurudi usiku.

Nimepitia mawakala wawili wa huduma za nyumbani hapa Dar. Majina siyaandiki, kwa sababu nimeona kwamba hela yako inakwenda kwa mtu wanayekuletea, si kwa kibao cha ofisi.

Wa kwanza alituletea binti mpole sana, akatuambia ni muuguzi. Wiki ya tatu ndipo nikajua hakuwahi kusomea. Kufikia hapo baba ameshapata kidonda pale mgongo unapoishia. Kilianza kama wekundu ambao ukiubonyeza haupotei, nasi tukadhani ni joto la godoro. Mgonjwa asiyejigeuza anatakiwa abadilishwe ubavu kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, na hilo sisi hatukulijua wala yeye hakulijua. Binti simlaumu. Aliyemtuma kwa jina la uuguzi ndiye aliyetukosea, na nilipopiga simu kulalamika nikaambiwa kidonda ni kawaida kwa wagonjwa wa aina hiyo.

Lilikuwepo na jambo jingine zito, la kuogeshwa. Binti akishika shuka tu, baba analikamata kwa mkono wa kushoto na kufumba macho. Nikajaribu mimi, ikawa vibaya zaidi: alilia. Mimi ni mwanawe wa kike, na haya aliyotulea nayo haikuondoka na maradhi. Mama angeweza, lakini magoti yake hayamruhusu kuinama, na ana miaka yake 68.

Kwa hiyo wakala wa pili nilimwambia mapema: nataka mwanaume. Wakakubali, na kabla ya kutaja bei walikuja kumwona mgonjwa. Waliangalia kitanda, choo, ngazi ya mlangoni, na wakamuuliza mama analala wapi. (Alikuwa akilala kwenye mkeka sakafuni, kando ya kitanda cha baba.) Kijana waliyemleta alituonyesha leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga bila kuombwa. Ninyi iombeni.

Asubuhi ya kwanza alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya baba. "Shikamoo mzee." Baba kimya. Kijana akasubiri, hakuendelea mpaka baba alipomtazama. Kisha: "Mzee wangu, naomba ruhusa nikuoshe mkono huu." Mwili wote ulikuwa chini ya shuka. Alitoa mkono mmoja, akauosha, akaufuta, akaufunika, akahamia mwingine. Ilipofika zamu ya sehemu za siri, alikamua kitambaa, akakiweka kwenye mkono wa kushoto wa baba, akageuzia uso dirishani. Baba alijisafisha mwenyewe chini ya shuka. Mimi nilikuwa nje ya pazia, mama alikuwa ndani. Mama alinisimulia baadaye, naye alilia.

Shikamoo ile ilirudiwa kila siku, na kila siku alisubiri jibu. Wiki ya tano jibu likaja: "Marahaba." Halikuwa safi, lakini sote tulilisikia. Kijana alitueleza kwamba salamu, hesabu na dua, vitu ambavyo mtu amevitamka maisha yake yote, mara nyingi hubaki hata pale maneno ya kawaida yanapopotea. Tangu siku hiyo mdogo wangu anasoma naye Alhamdu kila jioni, na baba anaimalizia mistari.

Tulichofundishwa ni kingi, nitaje vichache. Mkono uliopooza usiuvute kumnyanyua mgonjwa, bega linateguka. Wakati wa kumvisha shati mkono mgonjwa unaingia kwanza, na wakati wa kuvua unatoka mwisho. Visigino visiguse godoro. Mto unawekwa chini ya mashavu ya miguu. Maji matupu yalikuwa yakimpalia kuliko uji mzito, nasi tulikuwa tunamlazimisha maji. Sasa anakula ameketi wima, kijiko kidogo, kidevu kimeinama kidogo, na halazwi mpaka nusu saa ipite.

Wiki ya pili kijana alimpima mama presha pia, hakuna aliyemwambia. 170 kwa 105. Mama alikuwa ameacha dawa zake, hela yote inakwenda kwenye za baba. Kijana alimwambia, "Mama, ukianguka wewe, mzee atabaki na nani?" Akamtuma kituo cha afya, na siku zake za zamu akamkataza kukaa chumbani. Mama akarudi kwenye kikoba chake baada ya miezi minne. Mimi hili nalihesabu sawa na kupona kwa kidonda cha baba, ambacho kilifunga katika mwezi wa tatu wa kijana huyu.

Sasa hela. Tunalipa 35,000 kwa siku ya saa nane, siku tatu kwa wiki, na nauli juu yake. Hiyo nauli hawakuitaja siku ya makubaliano, ikatuletea maneno kwenye grupu la familia mpaka kaka yangu aliye Muscat akaibeba. Serikali inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na dirisha la wazee hospitalini limetusaidia kweli, lakini muuguzi wa kuja nyumbani unamlipa mwenyewe. Jumapili ofisi yao haipokei simu. Na kijana alipougua wiki moja, walimleta mwingine ambaye hakujua kidonda kilikuwa wapi. Kwa hiyo dai daftari la mgonjwa libaki kwenu, siyo ofisini, na uulize mapema nani atashika zamu mtu wenu asipokuwepo.

Tunaendelea nao Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku zilizobaki mdogo wangu humwogesha baba saa kumi na moja alfajiri kabla ya kutoka. Anaanza na shikamoo, anasubiri, ndipo anaomba mkono.