Uzito Uliogoma Kushuka: Tathmini ya Huduma ya Lishe Katika Ukumbi Mmoja wa Mazoezi, Moshi

Kumbi za mazoezi za Moshi ni hodari wa kumpokea anayeanza, lakini ni chache zinazojua la kufanya na mteja aliyekwisha kupungua kilo kadhaa, kisha mizani ikagoma ilhali mlo ni uleule na mazoezi hakosi. Ukumbi ninaouzungumzia, ulioko Shanty Town, una mtaalamu wa lishe anayewaona kwa miadi wateja wa namna hiyo, na kwa sehemu kubwa huduma yake inastahili ada inayotozwa.

Kilichonipendeza ni kwamba hakukimbilia kunipunguzia chakula. Alieleza kwanza kuwa mwili uliopungua huhitaji nishati ndogo kuliko awali, kwa sababu mzigo wa kubeba umepungua na sehemu ya misuli imeondoka pamoja na mafuta, tena mwili wenyewe hubana matumizi zaidi ya hapo. Hivyo mlo uliokuwa ukipunguza uzito hufika mahali ukawa wa kuudumisha tu. Alitaja utafiti wa mwaka 2016 uliofuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, ambao miaka 6 baada ya shindano miili yao ilikuwa ikitumia takriban kilokalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Hao walipungua kwa kasi isiyo ya kawaida, na ingefaa mteja aambiwe hivyo asije akakata tamaa bure.

Kazi yenyewe ilikuwa jikoni. Mteja hutakiwa kupima kila kinachoingia sufuriani, na hapo ndipo mengi hufichuka, kwani kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kula kina kilokalori zipatazo 120, nasi wengi humimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Mtori hakuukataza, wala parachichi, alitaka vipimwe. Aliongeza maharage, mayai na dagaa ili protini ilinde misuli, akapanga mazoezi ya vyuma mara mbili kwa wiki, na akaagiza kiuno kipimwe kwa futi kamba, kwa kuwa chumvi nyingi au siku za hedhi huweza kuzuia maji mwilini na kuficha mafuta yaliyokwisha kupungua.

Udhaifu upo, na baadhi yake unakera. Orodha ya vyakula iliyochapishwa imejaa brokoli na shayiri za pakiti, ilhali soko la Mbuyuni lina mchicha na mnafu kwa bei ya mkulima. Kibaya zaidi, mapokezi huuza mikanda ya kutoa jasho na chai ya kukata tumbo, bidhaa zinazokanusha kila neno linalosemwa chumba cha pili: jasho ni maji, na maji hurudi mtu akinywa.

Ushauri wangu ni kulipia miadi ya kwanza na ile ya marejeo, kisha kuacha kifurushi cha mwezi, ambacho nyongeza yake ni ujumbe wa simu wa kutia moyo. Anayetumia dawa za kisukari au za presha amwone daktari wake kabla ya kubadili mlo, kwani fomu ya ukumbi haiulizi habari hizo.