Alkindi: haidrokotisoni ya chembechembe kwa watoto

Kwa mtoto ambaye tezi zake za adrenali hazitoi kotisoli (homoni ambayo mwili unaihitaji) ya kutosha, kosa la miligramu moja katika dozi ya haidrokotisoni, dawa inayoziba upungufu huo, si dogo. Kuvunja kidonge cha miligramu 10 vipande vinne hakuleti vipande sawa, na unga wake ni mchungu. Alkindi, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2018, inaziba pengo hilo vizuri sana: ina kapsuli za miligramu 0.5, 1, 2 na 5.

Kapsuli yenyewe haimezwi. Ishike upande wenye maandishi ukiwa juu, igonge chembechembe zishuke, ibonye taratibu sehemu ya chini, kisha izungushe kofia na kuitoa. Mimina ulimini au kwenye kijiko cha chakula laini na baridi, mpe mtoto ndani ya dakika 5, halafu anywe maji au maziwa. Usizichanganye na kinywaji: utando unaoficha uchungu huyeyuka. Wala usizipitishe kwenye mpira wa kulishia, zitauziba.

Jambo linalostahili uangalizi mkubwa ni kuhama kutoka vidonge vilivyosagwa. Dozi ya zamani huenda haikuwa ile iliyoandikwa, na upungufu wa ghafla wa kotisoli umewahi kuripotiwa baada ya kubadilisha. Katika wiki ya kwanza mwangalie mtoto kwa karibu: uchovu, usingizi usio wa kawaida, kutapika. Akitapika mara baada ya dozi, wasiliana na daktari haraka. Huenda akahitaji nyingine. Sindano ya dharura ya haidrokotisoni ibaki nyumbani, kwani chembechembe hizi haziichukui nafasi yake.