Wangala: Asanang au kijijini?
Wangala, sikukuu ya shukrani ya mavuno ya Wagaro wa Meghalaya, India, unaweza kuiona kwa njia mbili. Asanang, karibu na mji wa Tura, kuna Tamasha la Ngoma Mia, lililoanza 1976. Hufanyika Novemba, kufika ni rahisi, na ngoma 100 zikirindima pamoja mwili wote unasisimka.

Kijijini unahitaji mwenyeji, maana kila kijiji hujipangia siku yake. Lakini shukrani yenyewe iko huko: nyumbani kwa nokma, mkuu wa kijiji, pombe ya mchele humiminwa kwa ajili ya Misi Saljong, mungu wa jua na mavuno, ubani hufukizwa, ndipo watu hucheza. Mimi ningekwenda kijijini, hata ngoma zikiwa chache. Wagaro wengi sasa ni Wakristo na ibada hii ya dini yao ya asili imekuwa adimu, kwa hiyo ukialikwa, nenda.