Huduma ya ushauri wa kodi kwa wastaafu wanaoishi ugenini: kikao cha kwanza lipia, kifurushi cha mwaka achana nacho

Nawapa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za kikao cha kwanza na yule dada mshauri. Vilivyofuata, hasa kile kifurushi cha mwaka mzima, nisingevipa hata nusu. Jina la kampuni silitaji, na wala halina umuhimu sana maana hizi huduma zinafanana karibu zote, unajaza fomu onlaini, unatuma stetimenti za benki, unapangiwa kikao cha video, halafu baadaye unatumiwa ripoti ya PDF yenye nembo kubwa juu. Wateja wao ni watu kama mimi, pensheni inatoka nchi moja, unaishi nchi nyingine kwa viza ya wastaafu, na kila mwaka lazima usikie minong'ono kwamba safari hii serikali ya huku inaanza kuwatoza wageni kodi ya mapato. Mi nilienda na swali moja tu: wakiamua kunitoza, watanipataje?

Fomu yao ni nzuri, hilo lazima niseme. Hawaulizi tu unapata kiasi gani. Wanauliza pensheni inalipwa na nani, serikali au mfuko binafsi, inaingia benki ya nchi gani, anwani iliyoandikwa kwenye akaunti ni ipi, na kwa mwaka unakaa siku ngapi hapo ulipo. Hilo la nani anayelipa watu wengi wanalipita haraka haraka kumbe ndio lenye uzito, maana mikataba mingi ya kuzuia mtu asitozwe kodi mara mbili imefuata mfano wa OECD, lile shirika la nchi tajiri linaloandaa miongozo ya kodi, na kwenye ule mfano kifungu cha 18 pensheni ya kawaida inatozwa kule unakoishi, ila kifungu cha 19 pensheni ya aliyekuwa mtumishi wa serikali kwa kawaida inabaki na serikali iliyomwajiri. Yaani majirani wawili waliotoka nchi moja, mmoja alifundisha shule ya serikali mwingine alikuwa mhasibu wa kampuni, pensheni zao zinaweza kulingana hadi senti ya mwisho na kodi zao zikaenda nchi mbili tofauti. Fomu ikikuuliza hivyo unajua kabisa aliyeitengeneza anaijua kazi.

Siku zenyewe mnajua, nchi nyingi zinahesabu 183, Thailand wao ni 180, ukizifikisha ushakuwa mkaazi wa kikodi, yaani nchi hiyo inakuhesabu mtu wake wa kutozwa, hata kama viza yako inakuita mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawa wenzetu wanavumilia nusu mwaka ndio jembe linatoka. Na kuna nchi haziangalii siku peke yake, wanaangalia pia nyumba yako ya kudumu iko wapi na maisha yako yameegemea upande gani.

Sasa kikao chenyewe. Dada anaongea taratibu, hakimbizi, na hakunitupia misamiati. Nilipomuuliza watanipataje akacheka kidogo akasema, "Mzee, wengi wanangoja askari agonge mlango. Hakuna wa kugonga, benki yako inakutaja yenyewe." Akanieleza kuna mfumo unaoitwa CRS, wa nchi kupeana taarifa za akaunti za benki, OECD waliupitisha 2014, taarifa za kwanza zikaanza kupelekwa 2017, na leo zipo nchi na maeneo zaidi ya 100 ndani yake. Benki ikijua kwamba mwenye akaunti ni mkaazi wa kikodi wa nchi nyingine inapeleka taarifa zake kwa mamlaka ya kodi ya kwao, nayo inazipeleka nchi anayoishi, kila mwaka, bila mtu kuomba. Thailand nao walianza kubadilishana 2023, na mwaka uliofuata, tarehe 1 Januari 2024, ikaanza kutumika amri yao mpya kwamba mapato ya nje ukiyaingiza nchini yanatozwa haijalishi uliyapata mwaka gani, wakati zamani ukiyaweka mpaka mwaka ugeuke unayaingiza bila kodi. Ila hata kabla haijaanza walishailegeza kwa mapato yaliyopatikana kabla ya hiyo tarehe. Dada anasema wateja wengi walimiminika kipindi hicho na naamini, hata mimi hofu yangu ilianzia kwenye stori za huko.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mwanangu, kila pensheni ikiingia wanaiona?" Hapa ndio alinifurahisha, maana angeweza kunitisha tu akaniuzia kitu. Akasema hapana mzee, kwa akaunti ya kawaida kinachopelekwa ni jina lako, anwani, namba ya mlipakodi, namba ya akaunti, salio la mwisho wa mwaka na riba iliyolipwa. Muamala mmoja mmoja haupo. Na mifuko mingi ya pensheni yenyewe, ikiwemo ya serikali, iliwekwa pembeni, haitoi ripoti kwenye huo mfumo. Kwa hiyo ofisa wa kodi anachokiona ni salio na riba tu, na salio peke yake haliwezi kumwambia hii ni pensheni au ni pesa za nyumba uliyouza au mtoto kakutumia, ila linampa sababu ya kukuandikia barua akuulize. Ulaya ndio wamekaza zaidi, kwenye Umoja wa Ulaya kuna agizo la mwaka 2011 ambalo pensheni zimetajwa kwa jina kabisa, nchi wanachama zinapelekeana taarifa za pensheni zenyewe sio salio tu. Marekani hawamo kwenye CRS, wana sheria yao ya FATCA ya 2010, benki za dunia nzima zinawapelekea wao, wanachorudisha ni kidogo kuliko wanachopokea.

Halafu kuna ile ishu ya anwani. Benki inafuata ulichojaza kwenye fomu yao. Wapo wastaafu kibao ambao akaunti bado ina anwani ya nyumba ya zamani au ya mtoto, benki inawaona wako nyumbani, haina wa kumripoti, basi salio halitoki. Nilimuuliza dada kama hilo ni tundu, akajibu kwa ukali kidogo kwamba hilo ni kujaza maelezo ya uongo, na siku benki ikigundua, kwa mfano umeingia onlaini miaka mitatu mfululizo ukiwa nchi ile ile ya ugenini, wanaweza kukufungia akaunti kabla hata mtu wa kodi hajajua. Jibu zuri, na mtu wa kuuza maneno asingelitoa.

Kingine alichonifungua macho ni upande wa anayelipa. Sisi tunaogopa nchi tunayoishi wakati mara nyingi mwenye mkono mrefu ni nchi inayotoa pesa, kwa sababu pesa yako inaanzia kwake. Mgeni asiye raia ambaye anapokea pensheni ya Social Security ya Marekani akiwa nje, kama hakuna mkataba wa kumsaidia, anakatwa asilimia 30 ya asilimia 85 ya pensheni, yaani 25.5 inaondoka kabla hujaiona, hakuna cha ritani wala barua. Ujerumani wana ofisi ya kodi mji wa Neubrandenburg ambayo kazi yake ni wastaafu wanaoishi nje, mifuko ya pensheni inawapa taarifa, wao wanakuandikia popote ulipo. Kodi ya zuio, yaani ile inayokatwa kabla pesa haijakufikia, haina haja ya kukutafuta. Serikali ikitaka kodi ya mstaafu kwa uhakika njia ni hiyo, ikate mwanzoni, na nchi mwenyeji haina hiyo bahati kwa sababu pesa haipiti mikononi mwake ikiwa bado nzima.

Baada ya kikao nikawa mpole kabisa, nikasema hawa jamaa wanajua. Ikaja ripoti.

Ripoti ni nyingine kabisa, sidhani hata dada aliiona. Kurasa nyingi, rangi nyekundu kila mahali, neno "hatari" limerudiwa mpaka linachosha, na kwenye jedwali la nchi rafiki kwa wastaafu wameiweka Ureno kwamba pensheni ya nje haitozwi kodi. Jamani! Ureno walikuwa na mpango wa kodi nafuu kwa wageni, wakaweka asilimia 10 kuanzia 2020 na mpango wenyewe ukafungwa kwa waombaji wapya 2024. Na historia yake ndiyo ingewafaa sana wateja, maana Finland na Sweden walichoka kuona wastaafu wao wanaenda kuishi pale bila kulipa popote, wakavunja mikataba yao ya kodi na Ureno, Finland ikaisha 2019 na Sweden 2022. Hapo unaona serikali ikikasirika kweli inafanya nini, haimkimbizi mzee mmoja mmoja, inavunja mkataba na asubuhi moja mpango wako wote umeisha. Kampuni inayojiita wataalamu wa wastaafu inaandikaje Ureno hivyo? Wakati Italia na Ugiriki wenye mipango ya asilimia 7 kwa pensheni za nje hawapo hata kwenye jedwali.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba ripoti imechanganya kujua na kukusanya. Wameandika kana kwamba salio likishaonekana tu kodi ishalipwa. Si kweli hata kidogo. Kujua siku hizi ni rahisi, kukusanya ndio mtihani. Kwa mahakama za mfumo wa Kiingereza kuna kanuni ya zamani, ilishatamkwa kwenye kesi ya 1775, kwamba nchi haitumii mahakama zake kukusanya kodi ya nchi nyingine, na 1955 majaji wa House of Lords, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, waliigomea India kwa msingi huo huo ilipodai kodi kwa kampuni iliyokuwa inafungwa kule Uingereza. Kwa hiyo kama nyumba, gari na pesa zako zote ziko ulikotoka, serikali ya unakoishi inaweza kukuandikia deni la kutisha na isiwe na pa kulishika. Ndio maana ukaja mkataba wa kusaidiana mambo ya kodi wa 1988, uliorekebishwa 2010, unaoruhusu nchi moja ikusanyie nyingine, lakini nchi kadhaa zimesaini huku zimeweka kando hicho kipande cha kukusanya. Ndani ya Umoja wa Ulaya hapo sawa, wana agizo lao la 2010 na deni linakufuata kweli. Hayo yote ripoti haina hata sentensi moja, na ndicho nilichokuwa nimelipia!

Maoni yangu mimi, baada ya kusoma na kuuliza sana, ni kwamba nchi mwenyeji ikitaka kukukamata haitahangaika na mahakama. Itatumia dirisha la uhamiaji. Viza ya mstaafu inahuishwa, mara nyingi kila mwaka, unaenda mwenyewe na makaratasi yako mkononi, na kwenye hayo makaratasi tayari kuna uthibitisho wa pensheni uliouleta kwa hiari ili wakukubali. Wakiongeza karatasi moja tu, cheti cha kodi kutoka mamlaka ya mapato, kazi imekwisha, hakuna upelelezi, wewe ndio unawatafuta wao. Silaha ya aina hii ipo tayari kwa sura nyingine, Marekani tangu sheria ya 2015 raia mwenye deni kubwa la kodi anaweza kunyimwa pasipoti, Australia wanaweza kukuzuia usitoke nchini ukiwa na deni, na Eritrea wanawadai raia walioko nje asilimia 2 na asiyelipa anaweza kukosa huduma za ubalozi. Wote wanashika kitu unachokihitaji. Kwa nini basi nchi nyingi za wastaafu hazijaweka hiyo karatasi? Kwa sababu zinawataka hao wastaafu, wanapanga nyumba, wanaenda hospitali, wanatumia pesa, na ukiwabana sana wanahamia kwa jirani aliyetangaza asilimia 7. Hiyo ni siasa kuliko sheria, na mshauri anayekwambia anajua mwaka gani mlango utafungwa anakudanganya.

Nilimuandikia dada haya akajibu vizuri tu, "Mzee, uko sahihi, ila ripoti inaandaliwa na timu nyingine." Sawa, lakini mimi nimelipa bili moja.

Kifurushi cha mwaka sasa. Wanakupa programu ya simu ya kuhesabu siku, wanakujazia ritani, na unapata ushauri "bila kikomo". Programu inataka uwashe mahali ulipo muda wote, inamaliza chaji, na ukivuka mpaka usiku inakuhesabia siku mbili, moja kila upande, na huwezi kuisahihisha mwenyewe mpaka uandike meseji ungoje. Kwa mtu ambaye kesi yake yote imekaa kwenye siku mbili tatu za mpakani hiyo ni hasara tupu, bora daftari na mihuri ya pasipoti. Ushauri bila kikomo maana yake unajibiwa na vijana wa huduma kwa wateja wanaokurudishia vipande vya ile ile ripoti. Ritani walijaza sawa, hapo sina neno, ila ritani ya mtu mwenye pensheni moja na riba kidogo sio kazi ya kulipia mwaka mzima.

Nani atafaidika? Mtu mwenye pensheni mbili za aina tofauti, au raia wa Marekani ambaye anadaiwa ritani popote anapoishi, au aliyeuza mali na anataka kuingiza pesa kwa mkupuo, huyo aende kwa kile kikao, aombe yule yule dada, na aandike maswali kabla. Muulize hasa hivi: kati ya nchi zangu mbili kuna mkataba, na umegusa kukusanya deni au kupeana taarifa tu? Ripoti unaweza kuikataa, nimekuja kujua baadaye kwamba bei inashuka, ila kwenye tovuti hawajaandika popote.

Kifurushi nimeshakisitisha. Meseji zao za "zimebaki siku chache kabla hujawa mkaazi wa kikodi" bado zinaingia kila wiki, na hiyo nchi wanayoitaja nilishahama.