Tulikodi karamu ya zama za kati Leicester: vyombo safi, menyu iangalie mwenyewe

Kikundi chetu cha mtaa hapa Leicester, Uingereza, kina mchanganyiko wake. Wazanzibari tupo, Wakenya wapo, Wakongo wawili watatu, na akina bibi wa Kihindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 ambao mpaka leo wakicheza karata wanagombana kwa Kiswahili. Kila mwaka tunafanya chakula kimoja kikubwa. Safari hii tuliwaachia watoto wachague, wakasema wanataka kula kama Richard III, mfalme wa Uingereza wa zama za kati. Sikushangaa. Katika mji huu humkwepi: mifupa yake ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari mwaka 2012, ikazikwa upya katika kanisa kuu mwaka 2015, na shuleni wanafundishwa habari zake mpaka basi.

Tukakodi kampuni ndogo inayofanya karamu za aina hiyo. Jina sitalitaja kwa sababu mambo tulikwisha kuyamaliza. Bei ilikuwa pauni 22 kwa kichwa, watu 42, ndani yake chakula, vyombo na wahudumu wawili waliovalia kizamani. Mimi ndiye mtunza hazina, kwa hiyo barua pepe niliandika mimi: nyama yote iwe halali, pombe isiwepo, na watu 9 hawagusi nyama kabisa. Jibu lilirudi baada ya dakika kumi, hakuna shida, hakuna shida, hakuna shida. Wepesi ule ungenitia wasiwasi, lakini nilikuwa na mambo mengi.

Nianze na lililonifurahisha. Kabla ya chakula kijana mmoja alizunguka na birika na tasa, taulo begani, akaanza kutueleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni, kwamba watu wa wakati ule walinawishwa mezani kwa sababu walikula kwa vidole, na kwamba uma haukuwa chombo cha mezani Uingereza. Hajafika katikati, bibi mmoja wa Jinja alikwisha kunja mikono ya sari na kunyoosha viganja. "Mwanangu, mwaga maji, chakula kinapoa." Ukumbi mzima ukacheka, na kijana naye akacheka bila kujua alichoambiwa.

Sahani zilikuwa mikate. Kweli, mikate ya rangi ya kahawia iliyolala siku nne, imekatwa mapande mazito ya vidole viwili, na mchuzi unamwagiwa juu yake. Tuliketi wanne wanne, chano kimoja cha mbao katikati, kama sinia la harusi. Kilichotangulia ni ngano iliyopondwa, imepikwa kwa tui la lozi na zafarani mpaka ikawa nzito. Kijiko cha kwanza tu, meza ya Wazanzibari wakapiga kelele, "Bokoboko!" Kumbe siku za mfungo kanisa lilikataza nyama, maziwa na mayai, ndiyo maana majiko ya matajiri yalijaa lozi. Wale 9 wetu wasiokula nyama walishiba hapo.

Kuku naye alikuwa mzuri: tangawizi, mdalasini, siki kidogo, na karafuu. Mzee mmoja wa Pemba akaanza kujigamba kwamba bila wao mfalme asingekula. Ikabidi nimkate. Karafuu za enzi zile zilitoka visiwa vya Maluku huko Indonesia; kwetu zimefika karne ya 19. Alininunia mpaka sharubati.

Kisha ikaja sahani ya tatu, mapaja ya bata mzinga, viazi vya kuoka na mchuzi wa nyanya. Mwanangu wa miaka 11 akavitazama, akamtazama mhudumu. "Huyu Richard kafa 1485. Columbus kavuka 1492. Viazi kavipata wapi?" Bata mzinga, viazi, nyanya, vyote vitatu asili yake Amerika. Waliopima mifupa yake walisema miaka ya mwisho alikuwa akila ndege wa fahari kama batamaji na korongo. Hayo hakuna aliyeyataka, lakini bata wa kawaida sokoni wapo.

Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni kwamba cheti cha halali kilikuwa cha kuku peke yake, cha bata mzinga hakikuwepo, kwa hiyo nusu ya ukumbi walikaa wanamtazama. Na zile pai za uyoga walizotengewa wasiokula nyama, mama mmoja aliomba aone boksi la unga kabla hajamega: mafuta ya nguruwe. Zikarudi jikoni zote. Nilikaa pale na aibu yangu, maana mimi ndiye niliyewahakikishia. Mwenye kampuni nilimpigia kesho yake, hakubishana, na baada ya siku nne akarudisha pauni 150.

Muziki ulitoka kwenye spika. Nguo za kuazimisha zilinuka dawa ya nondo.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Nitawakodi tena, ila vyombo na wahudumu tu, ambavyo wenyewe wanaviuza pauni 9 kwa kichwa. Jikoni tutaingia sisi. Ukitaka kifurushi kizima, dai orodha ya kila chakula na mafuta yaliyopikiwa, kwa maandishi, wiki mbili kabla.

Kijana wa birika alituambia kwamba katika nyumba kubwa ile mikate iliyolowa mchuzi walipewa maskini langoni. Wetu haukufika langoni. Bibi wa Jinja alimega pembe ya sahani yake, akaifutia mchuzi wa kuku, akala. Watoto wakamwona, wakamfuata. Mhudumu alipokuja na kapu kukusanya, kwenye meza yetu hakukuta sahani hata moja.